Mkoba Umetangulia

Jumapili, 8 Machi 1987

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu. Kiingereza nimekiweka kwa mtihani, na Kigujarati Fui Noorjehan anakisoma hata miwani ikiwa kichwani. Kiswahili anakisema kuliko muuza vitumbua, lakini kukisoma hakisomi. Basi humu niko salama. Fui ni shangazi yangu, dada yake Bapa, baba yangu, na nyumba yetu yote iko mikononi mwake tangu mama afariki.

Mie ni Ummekulsum binti Karmali, miaka ishirini na tisa, rubani. Nimeliandika hilo neno nikalitazama. Leseni ninayo, ya Kanada, na saa mia mbili na arobaini za kuruka, nilizozilipia kwa kupiga pasi mashuka ya hoteli kule Toronto miaka mitano. Hapa Tanga hiyo leseni ni karatasi tu. Wakubwa wa usafiri wa anga wanataka nifanye mitihani yao mitatu ndipo wanibadilishie: sheria za anga, hali ya hewa, na kuongoza safari. Masomo nayapata kwa posta kutoka shule moja ya Nairobi. Mchana nauza misumari dukani kwa Bapa, jioni nasoma.

Mitihani ni Juni, Dar es Salaam. Kuna kampuni ndogo ya ndege imeanzishwa huko, maana siku hizi mtu binafsi anaachiwa kidogo apumue. Wamenipa nafasi, ila watanishikia mpaka mwanzo wa Julai, basi. Na cheti changu cha afya ya urubani kinakwisha Julai hiyo hiyo. Kikifa, leseni nayo imekufa, na mie naanza upya kama mtu asiyewahi kukaa kwenye usukani. Kaka yangu Shehzad ameandika kutoka Toronto kwamba nikishindwa nirudi, mashuka bado yapo.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Nimekwenda Posta. Hamna.

Jumamosi, 14 Machi

Duka letu liko Usagara, kona, mlango wa kijani. Nilipoondoka mwaka 1980 rafu zilikuwa zimeanza kupwaya. Miaka ile ya foleni Bapa aliwahi kukaa mwezi mzima akiuza kamba na viberiti peke yake. Sasa mzigo unaingia tena kwa mpaka wa Horohoro: bawaba, rangi, taa za chemli, mipira ya baiskeli, hata dawa ya meno ya Mombasa. Vitu vimejaa, wanunuzi wanakuja kuvitazama. Wanavishika, wanauliza bei, wanavirudisha kwa adabu.

Mzee Uweso yuko dukani tangu kabla sijazaliwa. Ni Mdigo, mrefu, anapima misumari kwa kiganja na mizani inakubaliana naye. Leo ndege ndogo imepita juu yetu ikienda uwanjani, nami nikatoka nje mbio na nyundo ya mteja mkononi. Injini moja, bawa la juu. Niliporudi mteja kanuna. Mzee Uweso akamwambia kwamba binti huyu akisikia ndege huwa hivyo, atulie tu, nyundo haiendi popote.

Bapa hakuinua kichwa. Tangu nirudi hajaniuliza neno moja juu ya masomo yangu. Ananipa kazi tu. Nahisabu bawaba huku roho inanipanda juu.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Hamna.

Fui anataka ule mkoba wa ngozi wa kahawia ulio juu ya kabati la Bapa, akatilie nguo za kugawa. Bapa kakataa kwa neno moja na kutoka chumbani. Mkoba wenyewe umeshika ukungu. Nyumba hii kila mtu ana chake hataki kiguswe.

Jumanne, 24 Machi

Somo la nne limerudi, la hali ya hewa. Alama 48, na pasi ni 70! Mie niliyeruka katika theluji!

Mwalimu wa Nairobi kajaza wino mwekundu. Nimesoma mara tatu ndipo nikaelewa, na nilipoelewa nikacheka kwa hasira. Kule nilikofundishwa, ukiupa upepo mgongo, mgandamizo mdogo wa hewa uko mkono wako wa kushoto. Huku kusini ya ikweta uko kulia. Tufani la kule linazunguka hivi, la huku vile. Hata dira: kule ukiongeza mwendo ukielekea mashariki inakukimbilia kaskazini, huku inakimbilia kusini. Mwalimu kaandika chini: "Unajibu kama mtu aliye Kanada. Uko wapi?"

Swali zuri. Niko nyuma ya kaunta.

Ijumaa, 27 Machi

Nilikuwa nje ya duka, mgongo kwa upepo, nimenyosha mkono wa kulia kama askari wa barabarani, najikaririsha. Mzee Uweso akasimama kando yangu, naye akanyosha wa kwake. Akaniuliza tunamwonesha nani njia. Nikamweleza. Akasema yeye hajui habari za mgandamizo, ila upepo ukimpiga kisogoni hivi masika, mvua yake huiona inatoka pale, na akaonesha kulia. Nikamwambia ndivyo kitabu kinavyosema. Akafurahi mno kwa ajili ya kitabu.

Jumatatu, 6 Aprili

Somo la nne limerudiwa: 66. Bado dira inanichanganya. Mkono unajua jibu la zamani, kichwa kinajua jipya, na mkono ndio ulioshika kalamu.

Posta yupo yule Praxeda, dada wa dirisha la pili, msalaba shingoni, mtoto wa manamba, vibarua wa mkonge waliotoka bara. Simpendi. Ananiona toka mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafika. Angalau angeangalia kisanduku kwanza. Leo nilimwambia hivyo. Akasema kisanduku anakijua, na barua zangu anazijua, zina harufu ya Nairobi. Hata kutabasamu hakutabasamu.

Jumanne, 14 Aprili

Leo nimemaliza fomu ya kuomba kufanya mtihani. Lazima ifike Dar au iwe na muhuri wa posta kabla ya Ijumaa ya tarehe 24. Nimetia picha mbili, nakala ya leseni na nakala za kitabu changu cha saa za kuruka. Nikafunga bahasha, nikaibusu kama mjinga.

Nilitaka kuipeleka mwenyewe lakini saa tisa nilitakiwa niwe ndani ya lori la mzigo wa Maramba, mabati na mapanga ya wakulima, kulala huko hadi Alhamisi. Bapa akanyosha mkono. Akasema, "Nipe, nitaipeleka mie. Nitaituma kwa rejista." Mara ya kwanza kabisa! Nilimkabidhi, na njia nzima ya Maramba, matope mpaka kwenye ekseli, nilikuwa nikitabasamu peke yangu, dereva akadhani nina homa.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimerudi Tanga nikiwa matope hadi kwenye nyusi. Nikamuuliza Bapa kama ameipeleka barua. Akasema, "Iko salama." Haya.

Jumanne, 21 Aprili

Siku nne za Pasaka, mji umelala, na mvua haijui sikukuu. Leo Bapa katoka asubuhi mapema na mwavuli, karudi na uso wa mtu aliyetua mzigo. Sikumuuliza. Somo la tano nimepata 71. Nimepita!

Jumatano, 29 Aprili

Mwezi wa Ramadhani unaandama. Fui anaosha masufuria ambayo tayari ni safi.

Jumatatu, 4 Mei

Saumu, mvua, misumari. Hamna.

Ijumaa, 8 Mei

Hamna. Nimemwambia Praxeda asante kwa ukali. Akasema karibu, kwa ukali ule ule.

Jumanne, 12 Mei

Nina mambo mengi ya kuandika.

Saa saba Praxeda aliniita kwa mkono toka dirishani. Bahasha ya Dar, ya kahawia, nyepesi. Uzito wake tu uliniambia. Nikafungulia pale pale kwenye ngazi za Posta, watu wananipita. Maombi yangu yalipokelewa tarehe 29 Aprili, muhuri wa posta hausomeki, siku ya mwisho ilikuwa tarehe 24, kwa hiyo sikuandikishwa. Mtihani unaofuata ni Novemba.

Novemba! Cheti kinakufa Julai. Nafasi inaondoka Julai. Nilisimama pale, nadhani nilikuwa nikisema peke yangu. Siku kumi kamili nilizowapa, mwendo wa siku tatu, na bado imechelewa? Nikailaani Posta, nikailaani mvua, nikamlaani Praxeda na kisanduku chake. Funga yangu ya leo Mungu anajua.

Nyumbani Fui alikuwa akikunja sambusa. Nikamtupia habari. Hakushtuka. Akapaka unga wa maji kwenye ukingo wa sambusa, akasema barua mbaya huja siku za nge, na leo ni nge, si ajabu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya sambusa, kwamba ndiyo maana kaka yake aliizuia ile barua yangu.

Nikamwambia arudie.

Akarudia. Siku niliyoondoka kwenda Maramba mwezi ulikuwa umeingia kwenye nyota ya nge. Iko kwenye kalenda ya ukutani, siku mbili na nusu zenye alama nyekundu, zile ambazo watu wetu hawaozi, hawahami nyumba, hawaanzi jambo. Na si watu wetu tu, hata Mzee Uweso hawezi kuezeka banda siku hizo. Bapa alirudisha bahasha kwenye droo ya duka akangoja nge itoke. Ilitoka Alhamisi usiku. Na Ijumaa ilikuwa Ijumaa Kuu. Mtu ana kalenda mbili za Kiislamu ukutani, na Pasaka haimo hata katika moja.

Sijui nilifikaje dukani. Kulikuwa na wateja wawili wa Maramba. Sikuwajali, na hilo najuta.

"Bapa, uliizuia barua yangu?"

Akaweka chini alichoshika. "Siku tatu," akasema. "Ikawa saba."

"Ungesema tu hutaki niruke. Ungesema mbele yangu, kama mwanamume. Si kunifungia kwenye droo!"

Mzee Uweso akawatoa wale wateja nje kwa upole, akasimama nao barazani mvuani. Bapa hakukasirika. Laiti angekasirika. Akafungua ile droo, akatoa kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya kitambaa, akakiweka kwenye kaunta. Risiti ya rejista. Tanga, 21 Aprili.

"Mama yako nilimpeleka Dar hospitali siku ya nge," akasema. "Yeye ndiye aliyeniambia tungoje siku mbili. Mie nikamwambia hayo mambo ya zamani, panda gari. Ule mkoba wake, ulio juu ya kabati, nilirudi nao peke yangu." Akakikunja kile kitambaa. "Barua yako niliitaka ifike vizuri, beta, mwanangu. Ndiyo maana."

Nikatoka. Nikatembea mpaka nikaisikia adhana ya magharibi, nikafungua saumu kwa maji ya bomba la watu. Daktari wa Dar alituandikia kwamba mama angekufa Dar au Tanga, siku yoyote. Bapa anaijua hiyo barua kwa moyo. Lakini kujua kwa barua ni kitu kimoja, kujisamehe ni kingine. Miezi yote hii nimemsoma huyu mzee kinyumenyume, kama nilivyoisoma dira. Na bado nimemkasirikia, sitaandika uongo humu. Nimemkasirikia sana.

Jumatano, 13 Mei

Nimeamka na wazo. Masharti yanasema ifike, AU iwe na muhuri kabla ya tarehe 24. Muhuri ulikuwapo. Ila hausomeki.

Nikampelekea Praxeda ile risiti. Nilikuwa tayari kugombana. Akaitazama, akaingia ndani, akarudi na daftari kubwa la rejista lililolowa pembe, akalifungua mbele yangu na kuweka kidole. Namba ile ile, 21 Aprili, saa mbili na dakika tano asubuhi, barua ya kwanza ya siku. Wino wa muhuri ulikuwa umekwisha tangu Machi, akasema, wanachanganya na maji, kwa hiyo muhuri wao ni kama jasho. Akakaa akaniandikia barua ya kuthibitisha, akamfuata mkubwa wake aitie sahihi, akarudi.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikumuuliza. Ijumaa Kuu alikuwa akienda kanisani na watoto, akamwona baba yangu amesimama mlangoni mwa Posta na mwavuli, bahasha kifuani ndani ya koti. Akamwambia leo ni sikukuu. Jumamosi umeme haukuwapo, hawakufungua, na alikuwapo tena. Jumatatu ya Pasaka vile vile. Jumanne alipofika kazini saa moja unusu, alimkuta amekaa kwenye ngazi. Alidhani kuna mgonjwa.

Nikamwambia, "Dada Praxeda, nisamehe." Akauliza kwa lipi. Nikasema kwa yote. Akasema yote ni mengi, niandike barua yangu, gari la posta linaondoka kesho.

Alhamisi, 14 Mei

Nimetuma rufaa, na barua ya Praxeda, na nakala ya risiti. Kwa kalenda ya Bapa nge imetoka leo saa moja asubuhi. Posta hufunguliwa saa mbili. Basi mie sikungoja nge, niliingoja Posta, na hakuna atakayenibishia.

Bapa aliniuliza kama nimetuma. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa. Hayo tu. Ni maneno mengi kuliko wiki nzima.

Alhamisi, 21 Mei

Hamna. Praxeda anatikisa kichwa bado nikiwa ng'ambo ya barabara, anipunguzie mwendo. Zamani nilidhani ni dharau.

Ijumaa, 29 Mei

Idi imepita. Nimekula tambi hadi nimekoma. Sijapata jibu, siwezi kukaa, siwezi kusimama. Nimepanga upya misumari yote ya duka kwa urefu. Mzee Uweso kanitazama, kasema ilikuwa imepangwa kwa urefu.

Jumatatu, 1 Juni

Praxeda kaja dukani mwenyewe! Kavaa sare, kavuka mji na mwavuli uliovunjika mbavu, bahasha mkononi. Nimekubaliwa. Mtihani Jumanne, 9 Juni, saa tatu asubuhi, Dar es Salaam.

Nilimkumbatia mbele ya wateja. Mzee Uweso akampa kitasa cha mlango bila malipo, sijui kwa nini kitasa.

Bapa akaenda kwenye kalenda. Nikamwona kidole chake kinateremka, kinasimama. Nge inaingia Jumatatu ya tarehe 8 alfajiri, inatoka Jumatano. Mtihani uko katikati kabisa. Nikamwambia nitaondoka Jumamosi, kabla. Uso wake ukafunguka.

Jumatano, 3 Juni

Mvua inayoaga ndiyo mbaya. Bati la stoo limeng'oka.

Ijumaa, 5 Juni

Habari kutoka stendi: maji yamechukua daraja njia ya Segera. Hakuna basi la Dar leo, hakuna kesho. Nimefungasha, mkoba uko mlangoni.

Jumamosi, 6 Juni

Nimekwenda stendi mara tatu. Hakuna. Fui anasema kama riziki yangu haiko angani haiko. Nikamjibu vibaya. Akanipa chai.

Jumapili, 7 Juni

Asubuhi wamesema wahandisi wameweka magogo, na basi la kwanza litaondoka kesho saa moja. Kesho Jumatatu. Nge itakuwa imeshaingia. Njia ile ile, mji ule ule, siku zile zile za mama.

Nilimwambia Bapa saa sita, dukani, nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno tayari, na hoja, na namba za takwimu za ajali za barabarani. Akasikiliza. Akasema, "Nimesikia." Akaendelea kumpimia mtu waya.

Saa tisa na nusu nikaingia nyumbani kutazama mkoba wangu. Haupo.

Nikatafuta chini ya vitanda, juu ya makabati, stoo, hadi ndani ya pipa la mchele. Ndani yake mna leseni, kitabu cha saa zangu zote, barua ya mtihani. Bila mkoba ule mie si mtu. Fui hajui. Bapa hayupo, baiskeli yake haipo, na mvua inamwagika. Nikajua. Nikakaa sakafuni barazani, nikalia kwa sauti kama mtoto aliyepigwa. Safari hii hakuifungia barua, nimefungiwa mie mwenyewe. Nilisema nitakwenda hivyo hivyo bila karatasi, nitawaambia jina langu. Nilisema nikirudi Toronto sitamwandikia mstari mmoja.

Alirudi saa kumi na moja, amelowa hadi ndani ya viatu, mtu wa miaka sitini na nane anasukuma baiskeli yenye pancha. Akaiegemeza ukutani, akaniona.

"Uko wapi mkoba wangu, Bapa?"

"Mikanjuni. Kwa Uweso." Akakamua kofia yake. "Bibi yangu alifanya hivyo kule Kachi, Bara Hindi. Safari ikikuangukia siku mbaya, mzigo wako unatoka nyumbani siku njema, unalala kwa jirani. Umeshaondoka, Kulsum. Umeondoka leo saa tisa. Kesho utakuwa unaendelea tu na njia."

Nikamvua viatu. Hajawahi kuniacha nimvue viatu tangu nirudi. Miguu yake ilikuwa imekunjamana kwa maji na baridi kama samaki wa barafu, nami nikaishika mpaka ikapata joto.

Jumanne, 9 Juni. Dar es Salaam

Jana saa kumi na moja alfajiri nilikwenda Mikanjuni kwa miguu, Bapa ananisindikiza. Mzee Uweso alikuwa kauweka mkoba kitandani kwake, kaufunika shuka, yeye na mkewe wakalala chini. Nikampa shikamoo, akanipa mkoba kama anayekabidhi mtoto. Kwenye magogo ya daraja abiria tulishuka tukavuka kwa miguu. Sikutazama chini.

Leo, mitihani yote mitatu, saa tatu hadi saa kumi. Kabla ya kuanza karani alitupa fomu ya kujaza, na mstari mmoja uliuliza tarehe ya kuondoka nyumbani. Nikaandika tarehe 7 Juni bila kusita.

Swali la kumi na nne lilikuwa la dira. Ndege inaelekea mashariki, inaongeza mwendo, kusini ya ikweta. Mkono ulikwenda kaskazini. Nikauzuia. Nikamwona Mzee Uweso na mkono wake ulionyoshwa barabarani, nikaandika kusini.

Ijumaa, 19 Juni

Tanga. Jua. Hamna.

Jumatatu, 29 Juni

Simu ya maandishi. Praxeda kaisoma kwanza, hakuficha, kaileta mwenyewe mpaka mlango wa kijani akiwa ameshajifuta macho. Nimefaulu masomo yote matatu. Sheria 72, safari 75, hali ya hewa 83! Niripoti kwenye kampuni Jumatatu, 6 Julai, leseni nitaichukua siku hiyo hiyo.

Fui kapika biriani ya watu ishirini na kutangaza mtaani kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Bapa kaenda dukani, kafungua droo ile, kaitia simu ndani, kafunga. Safari hii nimecheka.

Jumapili, 5 Julai

Nge inaingia leo saa nane mchana. Nimeiangalia kalenda mwenyewe, hakuna aliyenituma. Basi la kesho ni saa moja asubuhi, kwa hiyo litaondoka katikati ya alama nyekundu.

Sijui kama naamini. Daktari yule aliandika siku yoyote, Dar au Tanga. Lakini najua ninachotaka Bapa alale nacho usiku wa leo. Saa nne asubuhi, yeye yuko bafuni, nikabeba mkoba wangu nikatembea nao hadi Mikanjuni. Anga imeoshwa, kusi imeanza kuvuma, na nikaupa mgongo nikajisemea kulia, kulia, kulia.

Mkewe Mzee Uweso akanipokea, akasema nipitishe tu ndani, kitanda kiko wazi. Nikaingia. Hakikuwa wazi. Katikati, juu ya shuka safi, ulikuwa umekaa ule mkoba wa ngozi wa kahawia. Ukungu umefutwa, umepakwa mafuta ya nazi, kamba iliyokatika imeshonwa kwa uzi wa viatu. Nikauliza umekuja lini. Akasema Bwana Karmali aliuleta jana kwa baiskeli, akaomba wasiniambie. Amesema hajapata kumwona mwanawe akirusha ndege.

Nikasogeza ule wa kahawia kidogo, nikaweka wangu kando yake. Kisha nikarudi nyumbani kumtengenezea chai, nikijifanya sijui kitu.